Toa Dondo Kwanza Ndipo Upime Uzi

Anayenunua simu janja Tabora mjini hukutana na boksi kabla hajaiona simu yenyewe. Boksi linatangaza RAM ya GB 8, hifadhi ya GB 128, kamera ya megapikseli 50 na betri ya mAh 5000, na muuzaji huanzia hapo hapo: hii ina nane, ile ina nne, kwa hiyo hii ni kali zaidi. Karibu kila kinachosomwa kwenye boksi ni hesabu ya vilivyoongezwa. Mimi nashikilia kwamba ubora wa simu ya bei ya kawaida huonekana upande wa pili, katika yale ambayo mwenye simu anaweza kuyaondoa. Simu inayomruhusu mmiliki kufuta asichokihitaji, na ikabaki nyepesi na salama kwa miaka kadhaa, ni bora kuliko simu yenye tarakimu kubwa inayomng'ang'aniza programu ambazo hakuzichagua.

Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, una historia ndefu ya kukagua bidhaa zinazotoka mbali. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji. Vitambaa na shanga vilipanda bara, pembe za ndovu zikateremka pwani. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857, na Burton aliandika kwa kirefu juu ya aina za vitambaa na shanga, kwa kuwa msafiri aliyebeba shanga zisizopendwa na watu wa njiani hakuwa na cha kununulia chakula. Merikani, kitambaa kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, ilipendwa kwa sababu ilidumu. Upande wa Uingereza, viwanda vya Lancashire vilijulikana kwa kutia vitambaa dondo na udongo mweupe ili vionekane vizito. Maji ya kwanza yakipita, uzito ule unaondoka, na mwenye nguo anabaki na uzi mwembamba aliolipia kama mnene. Kitambaa cha namna hiyo hakipimwi kikiwa dukani. Kinatolewa dondo kwanza, ndipo uzi unapimwa. Simu nazo zina dondo lake, na ninashangaa jinsi watu makini, wanaoweza kukataa gunia la karanga kwa kulishika tu, wanavyokubali boksi lizungumze peke yake.

Tuanze na RAM, maana hapo ndipo dondo lilipokolea. Simu nyingi za bei ya chini siku hizi huandikwa GB 8 kwa maandishi makubwa, na pembeni, kwa herufi ndogo, huwekwa 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli. Nne za pili zimekopwa kutoka hifadhi ya simu, ambayo ni polepole mno ikilinganishwa na RAM, na kila GB iliyokopwa inapunguza nafasi ya picha na video. Mnunuzi aingie Mipangilio, atafute sehemu ya kuongeza RAM, aizime, kisha aone kinachobaki. Akishafanya hivyo alinganishe simu mbili kwa RAM ya kweli peke yake, na mara nyingi ataikuta ile iliyodharauliwa imeshinda. Hifadhi nayo isisomwe kwenye boksi. Fungua ukurasa wa hifadhi kwenye simu mpya, kabla hujaweka hata picha moja, uone nafasi iliyobaki wazi. Hiyo ndiyo unayoinunua. Kwenye kamera sitakawia: lenzi tatu au nne mgongoni si kamera tatu au nne zenye faida. Piga picha ya mtu ndani ya duka, kwenye mwanga hafifu, uikuze. Hapa Tecno, Infinix na itel wanastahili sifa yao. Kampuni mama, Transsion ya Shenzhen, iliyoanza mwaka 2006, ilijenga soko Afrika kwa kushughulikia mambo ambayo wengine waliyapuuza, kama simu za laini zaidi ya moja na kamera zinazoionyesha ngozi nyeusi ilivyo. Ule ni uzi halisi, na anayezidharau simu hizo kwa jina tu hajui kupima.

Lakini simu hizo hizo, pamoja na za Samsung na Redmi, huja zikiwa zimejazwa programu. Katika simu za Transsion utakuta duka la Palm Store, kivinjari cha Phoenix, Boomplay ya muziki na nyingine kadha wa kadha. Samsung huweka zake na za Microsoft, na mwaka 2019 shirika la habari la Bloomberg liliripoti malalamiko ya wateja wa Samsung waliogundua kwamba programu ya Facebook iliyokuja na simu haifutiki, inazimika tu. Xiaomi, wenye Redmi, imekuwa ikiweka matangazo ndani ya programu za mfumo wenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si kama simu ina programu za kiwandani, maana zote zinazo. Uliza zinatii kiasi gani. Ingia Mipangilio, kisha Programu, ufungue moja moja usome vitufe vyake. Programu yenye kitufe cha Ondoa ni mgeni anayeaga akiambiwa. Yenye Zima peke yake hubaki imelala, ikikalia nafasi yake. Kuna na zile ambazo vitufe vyote viwili vimefifia, hazifutwi wala hazizimwi. Hesabu hizo za aina ya tatu, uache kando simu ya kupiga, ujumbe, Mipangilio na nyinginezo ambazo mfumo hauwezi kusimama bila hizo. Kati ya simu mbili za bei moja, yenye idadi ndogo ya programu zisizotii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, hata kabla sijauliza kamera.

Hili si suala la usafi wa kioo tu. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania na Marekani walitoa uchunguzi wa programu zaidi ya 82,000 zilizokutwa kwenye simu za Android za watengenezaji zaidi ya 200, na wakaonyesha kwamba nyingi huja na ruhusa kubwa ambazo mwenye simu hakuombwa, huku usimamizi wake ukiwa hafifu. Januari 2020 mashirika zaidi ya 50, yakiongozwa na Privacy International, yalimwandikia mkuu wa Google kumtaka awape watu uwezo wa kuzifuta kabisa. Agosti mwaka huo huo kampuni ya Upstream ilieleza kwamba katika baadhi ya simu za Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Afrika Kusini na kwingineko, ilikuta programu haramu zikiwaandikisha wateja kwenye huduma za kulipia bila wao kujua, na salio likikatwa. Transsion ilijibu kwamba tatizo lilitoka kwa mmoja wa wahusika katika mnyororo wa ugavi na kwamba lilikwisha kurekebishwa mwaka 2018. Hata tukilipokea jibu hilo lote, fundisho linabaki pale pale: kitu kilichowekwa kabla simu haijafika mkononi mwako huwezi kukikataa usipopewa njia ya kukiondoa.

Kuna hoja nzito dhidi ya msimamo huu, nayo ni ya bei. Wenye programu hulipa ili ziwekwe kiwandani, na malipo hayo ndiyo yanayoshusha bei, hivyo mkulima wa tumbaku wa Urambo anapata simu ambayo vinginevyo asingeimudu. Nakubali kwamba punguzo lipo. Ila bei ya simu haiishii siku ya kununua. Kwa anayenunua bando la siku au la wiki, programu inayojisasisha usiku, inayoteremsha matangazo na habari za udaku, inakula MB zilizokusudiwa WhatsApp na bei za mazao. Inakula pia chaji, na kwa mrina asali aliyeko siku kadhaa kwenye misitu ya Sikonge, mbali na umeme, chaji ndiyo simu yenyewe. Tena punguzo hilo halipotei kwa kuwepo kitufe cha Ondoa: aliyelipa ameshaonekana, na kama programu yake ni nzuri, mtu ataibakiza. Wengi wataiacha Boomplay kwa hiari yao, na hakuna ubaya.

Hoja nyingine husema kwamba kuondoa ni kazi ya wataalamu. Kwa sehemu kubwa si kweli. Kuondoa, kuzima, kukata ruhusa ya kutumia data chinichini na kuzima arifa ni mambo ya nusu saa kwa yeyote anayesoma Kiswahili cha Mipangilio. Zile kaidi zinahitaji kompyuta na chombo kiitwacho ADB: unagonga namba ya toleo la mfumo mara 7 ili kufungua chaguo za wasanidi, unaruhusu utatuzi kwa waya, kisha fundi anaiondoa programu kwa mtumiaji wa simu hiyo bila kugusa mfumo. Ajue kwamba nafasi iliyomo kwenye mfumo hairudi, na kwamba simu ikirejeshwa hali ya kiwandani programu nayo inarejea. Njia hii ni bora mara nyingi kuliko kuflashi simu kwa faili la mfumo lisilojulikana lilikotoka, jambo linaloweza kuleta wadudu wabaya kuliko waliofukuzwa. Fundi makini huandika orodha ya alivyoondoa na kumpa mteja. Hagusi kibodi pekee iliyopo, wala programu ya simu, wala ile inayosoma menyu za laini, kwa sababu mteja atakayeshindwa kufungua menyu ya fedha ya *150*00# atarudi dukani kabla ya magharibi.

Mnunuzi wa simu ya mtumba kutoka Dubai ana kazi ya ziada. Apige *#06#, alinganishe namba ya IMEI na ya kwenye boksi, na aitume kwenda 15090 kuhakiki, kwani tangu Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, simu yenye namba mbovu ni hasara. Kisha atazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Samsung ya zamani yenye kioo kizuri lakini iliyoachwa bila masasisho kwa miaka 4 siipendekezi kwa mtu anayeweka fedha kwenye simu, wakati Galaxy A16, simu ya kawaida tu ya mwaka 2024, imeahidiwa masasisho ya miaka 6.

Simu za mkopo zinasimama peke yake. Programu inayofunga simu mteja asipolipa haiondoleki, na katika hili sioni kosa, maadamu imetajwa kwenye mkataba na ina mwisho wake. Kosa linaanzia pale malipo yanapokwisha na programu ikabaki. Siku ya malipo ya mwisho mteja aende na risiti kwa wakala, adai iondolewe pale pale mbele ya macho yake, aiwashe simu upya, na afungue tena orodha ya programu kabla hajatoka dukani.