Jocasta katika Kiswahili: Mke, Mama na Ukimya Jukwaani

Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, iliwapa wasomaji wa Kiswahili tanzia ya Sophocles kwa lugha yao. Ni rahisi kuisoma kama kisa cha mfalme na majaaliwa yake tu. Usomaji huo unamsahau Jocasta, ambaye ndiye anayeutambua ukweli kabla ya mumewe.

Katika Athens ya karne ya 5 K.K., waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa vinyago, na korasi vilevile. Hivyo maneno ya Jocasta yaliandikwa na mwanamume na kutamkwa na mwanamume. Roma iliwaruhusu wanawake kuigiza katika vichekesho visivyo na vinyago, ila iliwahesabu kuwa watu wasio na heshima.

Suala la lugha ndilo lenye uzito zaidi. Mjumbe wa Korintho anapofika, korasi inamtambulisha Jocasta kwake. Katika Kigiriki neno la mke na neno la mama yanafuatana, na watoto wanatajwa mwishoni. Kwa nukta moja msikilizaji anasikia kwamba mwanamke huyu ni mke na mama wa mtu yuleyule. Kiswahili, kwa -a unganifu yake, humfunga mama kwa watoto papo hapo, na makali ya kauli yanapungua.

Hata hivyo, msomaji wa Mangina ana jambo ambalo Mgiriki hakuwa nalo. Huko, kama ilivyo Beni na Butembo, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mume naye humwita mkewe Mama Fulani. Mtafsiri anayewaandikia wasomaji hao angeweza kumfanya Edipode amwite mkewe "mama" tangu mwanzo, kwa adabu ya kawaida tu, na hadhira ingetetemeka.

Hilo lisingemwondolea Jocasta ukimya. Akishaelewa, anamsihi mumewe aache kuuliza, anaingia ndani, na kifo chake kinasimuliwa na mwingine. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, msimulizi mwenyewe ni mwanamke, Bi Msimulizi. Kwa ufundi wa msuko tamthilia hiyo haimfikii Sophocles, na nguzo haisimami. Lakini wanawake wa Patata hushindwa mbele ya hadhira, wakisema kwa vinywa vyao.