Herufi moja, amri nzima: vi ilivyojengwa

Bill Joy alipoiandika vi, kihariri cha maandishi, mwaka 1976, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, modemu yake ilipitisha herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Piga hesabu: skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ilichukua zaidi ya dakika kujaa. Kila herufi ilikuwa na bei, ndiyo maana amri nyingi za kihariri hicho ni herufi moja tu.

Terminali aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, basi hizo ndizo zikawa za kusogeza kielekezi. Esc nayo ilikaa pale ilipo Tab leo. Anayelalamika kwamba Esc iko mbali ana haki, ila kilichohama ni kitufe.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, imo katika namna amri zinavyoungana. d hufuta, c hubadilisha, y hunakili; w ni neno, } ni mpaka mwisho wa aya. Kwa hiyo dw hufuta neno, na y} hunakili mpaka aya iishe. Ukijua vitenzi vitatu (kama d) na miendo kumi (kama w), una amri thelathini ambazo hukuzikariri.

Kisha kuna nukta, inayorudia badiliko la mwisho. Tuseme jina «jumla» limetapakaa kwenye faili, nawe unataka libadilike sehemu fulani tu. Litafute kwa /jumla, bonyeza cw, andika jina jipya, maliza kwa Esc. Tangu hapo n inakupeleka panapofuata na nukta inabadilisha. Pasipostahili, unabonyeza n tena na kupita. Ctrl+D ya kihariri cha VS Code huongeza neno linalofuata linalofanana kwenye uteuzi, na ni nzuri sana, lakini ukiijua umeijua hiyo moja.

Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim, kihariri cha mtindo wa vi, mwaka 1991, akaongeza mengi, ikiwemo ci" inayobadilisha kilichomo ndani ya nukuu. (Skrini ya kwanza ya Vim huomba msaada kwa watoto wa Uganda, alikojitolea miaka ya tisini.)

Anayeanza asikimbilie kufuta na kubadilisha. Msimbo husomwa zaidi kuliko unavyoandikwa, hivyo aanze na miendo: % kuruka hadi bano linalolingana, * kutafuta neno lililo chini ya kielekezi, Ctrl+O kurudi alikotoka.