Ufundi wa Kutoka Mitini

Watazamaji wengi wa gofu huja kuona mkwaju wa kwanza, ule wa nguvu, mpira ukipaa hadi jicho linaupoteza. Mimi nauheshimu zaidi mkwaju wa pili, hasa ukipigwa kwenye uwanja wa Muthaiga, Nairobi, baada ya ule wa kwanza kuishia mitini. Hapo ndipo mchezaji anapojulikana.

Uwanja huu ulianza mwaka 1913, zama za walowezi, Mwafrika akiingia kubeba fimbo au kukata nyasi. Umepakana na msitu wa Karura, ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi. Kila anayefurahia hewa na ndege wa upande ule ana deni kwake.

Uzuri wa Muthaiga ndio ugumu wake. Miti imebana njia huku na huku, na mara nyingi hakuna budi kuupinda mpira. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unafika mbali kuliko ungefika Mombasa, na wageni hulifurahia hilo. Lakini hewa hiyohiyo haiushiki vizuri mpira unaozunguka, kwa hiyo haupindi kirahisi. Anayetaka kuuzungusha nyuma ya mti sharti autie mzunguko mwingi zaidi bila kuongeza nguvu. Ufundi huo hukaa mikononi na mabegani, haununuliwi dukani.

Kisha kuna nyasi. Nyasi za Kikuyu ni wenyeji wa nyanda hizi za juu, nazo zimesambaa hadi Australia na California, ambako uwanja wa Riviera unajulikana kwazo. Zikikatwa fupi, huuinua mpira ukakaa kama yai kiotani. Zikiachwa zirefuke, hukamata shingo ya fimbo na kuigeuza mkononi mwako. Kando ya grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, ndiko zinakotesa hasa: mpira ulioangushwa mapema ili ubiringike hunaswa palepale. Stadi huulaza uso wa fimbo, huurusha mpira juu, na kuutua taratibu kwenye grini yenyewe. Naweza kutazama mkwaju huo mchana kutwa nisichoke.

Mhispania Seve Ballesteros alishinda mashindano ya Kenya Open hapa mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kutwaa The Open ya Uingereza. Dunia ilimpenda kwa kujinasua: pale wengine walipoona ukuta wa matawi, yeye aliona upenyo.

Lakini sifa za uwanja huu zisiishie kwa mabingwa. Kedi, mbeba fimbo, ndiye anayejua grini inavyoteleza asubuhi na inavyokauka alasiri, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye kazi hiyo. Kedi mzuri hukupa fimbo ndogo kuliko uliyoomba. "Tutoke kwanza, mzee," atakwambia, akikuonyesha mwanya wa pembeni badala ya ule unaoutamani. Kumsikiliza ni sehemu ya ufundi, na wenye nguvu nyingi ndio hukawia kujifunza.

Mashindano yakichezwa Muthaiga, usikimbilie kwenye shimo la mwisho. Simama mitini, karibu kiasi cha kusikia mchezaji na kedi wake wakishauriana kuhusu fimbo.