Mateka na Watoro: Suala la Kukombolewa katika "Uhuru wa Watumwa"

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934, kina hadhi ya ajabu katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Hakuna mtu aandikaye juu ya chanzo cha nathari ya Kiswahili asiyekitaja, na ni wachache wanaokitaja bila ya kukilaumu. Katika sentensi moja huitwa miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo kutungwa na Mwafrika wa Kenya kwa Kiswahili. Katika sentensi ifuatayo husemwa kuwa ni zao la kasumba, kwamba mtungaji wake amemsifu Mwingereza kupita kiasi na kumtwika Mwarabu dhambi yote ya utumwa. Hukumu hizi mbili zimerudiwa mno hata zimechukua mahali pa kitabu chenyewe. Mwanafunzi huzijua kabla hajakishika mkononi, na baada ya kuzijua haoni haja ya kukishika.

Kwamba lawama hizo zina ukweli, si jambo la kubishaniwa. Hadithi inaanzia bara, upande wa Nyasa, inapita katika kutekwa, safari ya minyororo na jahazi, na kilele chake ni manowari ya Waingereza inayolikamata jahazi na kuwafungua waliomo. Kutoka hapo twaingia Freretown, karibu na Mombasa, ambako waliofunguliwa wanapewa makao na misheni. Katika mpango huo mwovu ni mmoja na mwokozi ni mmoja. Soko la pembe za ndovu lililoitajirisha Ulaya halina nafasi kubwa katika mpango huo. Wala mashamba ya miwa ya Wafaransa katika visiwa vya Réunion na Mauritius, yaliyonunua watumwa wa pwani hii tangu karne ya 18. Wala ukweli kwamba Uingereza yenyewe ilisafirisha watumwa hadi ilipojikataza mwaka 1807. Zaidi ya hayo, mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko, bali haukuuvunja utumwa. Waingereza walipoitwaa nchi hii kuwa himaya mwaka 1895, utumwa wa pwani uliendelea kutambuliwa na sheria chini ya bendera yao kwa miaka kumi na miwili, hata 1907. Kitabu kinachoitwa Uhuru wa Watumwa kimesimama juu ya miaka hiyo kumi na miwili kama nyumba iliyosimama juu ya shimo.

Lakini mhakiki akiishia hapo hajakihakiki kitabu; amesahihisha somo la historia. Swali la fasihi ni jingine: ni nani anayesema, na amejifunzia wapi kusema hivyo?

Mbotela hakuwa mtumwa. Alikuwa mtoto wa aliyekuwa mtumwa, akalelewa Freretown miongoni mwa wazee waliopitia minyororo. Kisa anachokisimulia alikipokea kikiwa tayari kimekwisha kusimuliwa mara nyingi, tena mbele ya watu maalumu. Katika makao ya misheni, kueleza jinsi mtu alivyookolewa hakukuwa mazungumzo ya barazani tu. Kulikuwa ushuhuda. Ushuhuda una umbo lake linalojulikana kwa kila Mkristo: palikuwa na giza, pakaja nuru, na aliyeileta nuru lazima atajwe na kushukuriwa. Watu waliotolewa katika majahazi walifundishwa habari za Waisraeli kutoka Misri, nao waliona, kwa haki kabisa, kwamba habari hizo ziliwahusu. Haishangazi basi kwamba mwana wao alipoketi kuandika, umbo lililomjia ndilo hilo. Wanaodai kwamba Mbotela aliandika ili awafurahishe mabwana wamesahau kwamba baba yake angalifia ugenini katika minyororo. Shukrani yake si ya kununuliwa. Ni ya kweli, na ndiyo maana tatizo lake ni zito kuliko wanavyolifanya wakosoaji wake.

Tatizo lenyewe linaonekana vizuri zaidi katika vitenzi kuliko katika maoni ya mtungaji. Kiswahili kina utajiri wa viambishi vya kunyambulia, na masimulizi ya misheni, si ya Mbotela peke yake, hupenda mno kauli ya kutendwa. Mtu hukombolewa, huletwa, hupewa nguo, hufundishwa, hubatizwa, huozwa. Kila tendo jema lina mtenda wake, na mtenda huyo hawi yule aliyekuwa mtumwa. Ukombozi wa namna hii humbadilishia mtu hali lakini haumbadilishii nafasi yake katika sentensi: alipokuwa katika minyororo aliburutwa, na sasa baada ya minyororo kukatwa anaongozwa. Kirejeshi kidogo tu, ji-, kingaligeuza mambo. Baina ya kukombolewa na kujikomboa pana silabi chache, na hizo ndizo zinazokosekana katika kiini cha kitabu.

Lugha ya wakati ule yenyewe yatoa ushahidi. Watu waliotolewa majahazini na manowari na kukabidhiwa wamisheni waliitwa mateka. Neno hili lastahili kutazamwa kwa makini. Mateka ni waliotekwa. Ni neno lile lile linalomfaa mwanakijiji aliyekamatwa na wavamizi usiku kandokando ya ziwa. Msemaji wa Kiswahili wa karne ya 19 hakuona haja ya neno jipya kwa hali iliyosemwa kuwa mpya. Kwake yeye, Mwingereza alikuwa amelishinda jahazi na kuchukua alichokiteka. Huenda msemaji huyo alikuwa na chuki. Huenda pia alikuwa amesikiliza vizuri.

Ili kuelewa kwa nini mateka walishukuru jinsi walivyoshukuru, ni lazima kutazama upande wa waliosaidia. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na muda si mrefu akamzika mkewe hapo. Yeye na Johannes Rebmann waliweka kituo Rabai mwaka 1846. Waliandika kamusi, wakatafsiri Maandiko, wakasafiri hadi kuona milima yenye theluji, lakini waumini hawakuwapata ila mmoja mmoja. Aliyetangulia kubatizwa, Mringe, alikuwa kiwete aliyekuwa karibu kufa. Jamii za Wamijikenda zilikuwa na kaya zao, wazee wao na ibada zao, na hazikuwa na upungufu ambao mgeni angeuziba. Hali ilibadilika tu pale misheni ilipopata watu wasio na kwao. Kuanzia 1875, baada ya W. Salter Price kununua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na kuanzisha makao yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere, manowari zilileta watu ambao ukoo wao ulikuwa umevunjwa, lugha zao hazikusikilizana, na njia ya kurudi kwao hawakuijua. Hapo ndipo kanisa lilipopata usharika. Mateka walihitaji misheni, bila shaka. Lakini misheni nayo, baada ya miaka thelathini ya kuhubiri bila mavuno, iliwahitaji mateka. Uhitaji huu wa pili hauingii katika masimulizi ya shukrani, kwa sababu ukiingia, deni linakuwa la pande mbili.

Na Freretown hapakuwa kimbilio tu. Palikuwa pia na utaratibu wa kazi, wa sala na wa adhabu, na kengele iliyougawa mchana. Mnamo 1881 maofisa wa Kiingereza walilazimika kuchunguza habari za watu kuchapwa viboko vikali kwa amri ya msimamizi wa makao hayo, J. R. Streeter, ambaye hakuwa kasisi. Mtu aliyetoka katika bakora ya nahodha akaja kupigwa bakora katika kiwanja cha kanisa angalikuwa na mengi ya kusema juu ya neno uhuru. Mbotela, aliyekulia hapo baadaye sana, anatupa hasa picha ya makao yenye amani. Haifai kumwita mwongo. Ushuhuda hauna mahali pa kuwekea kiboko cha mwokozi, ukikiweka unapasuka.

Lipo hata hivyo kundi jingine lililoishi wakati ule ule na karibu pale pale, ambalo hadithi yake ingalidai kitabu cha umbo jingine kabisa. Hawa ni watoro. Wao hawakungoja manowari. Walikuwa watumwa wa mashamba ya pwani, ya Malindi na Takaungu na Mombasa, waliowaacha mabwana zao wakaingia porini. Baadhi yao walijenga Fuladoyo, bara ya Takaungu, wakiongozwa na Mgiriama Mkristo, David Koi, ambaye hakuwa Mzungu. Aliuawa mwaka 1883 kwa sababu ya makao hayo, na Waanglikana wa Kenya humtaja kuwa shahidi wao wa kwanza. Wengine walikimbilia Rabai, ambako William Jones, mwenyewe aliyekuwa mtumwa na aliyesomeshwa na misheni Nasik huko India kabla ya kurudi Afrika, aliwapokea ingawa kanuni za misheni zilikataza kuwahifadhi. Wakuu wa misheni walikuwa na sababu zao: mtoro alikuwa mali ya mtu kwa mujibu wa sheria, na kumhifadhi kungaliwakosanisha na Sultani. Basi Mwafrika aliyekombolewa akawakomboa wengine kinyume cha agizo la waliomkomboa. Ilipofika 1888 watoro wa Rabai walikuwa wengi hata jambo halikuweza kufichwa tena, na George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki akakubali kuwalipa mabwana fidia. Mwanzoni mwa 1889 watu kama 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Hata katika habari hii, lakini, lugha yamnyima mtoro heshima yake. Kutoroka ni kitenzi cha kutenda. Mtoro ameamua, ameondoka, amehatarisha shingo yake. Bali neno mtoro ni neno la bwana. Ndani yake mna lawama: aliyeacha wajibu, aliyekwepa kazi. Mpaka leo mwalimu mkuu wa shule ya msingi ataita mtoro mtoto aliyekwenda kuvua samaki siku ya mtihani. Kiswahili kilichoandikwa pwani kilimpa jina la kupendeza aliyekombolewa na mwingine, na jina la aibu aliyejikomboa. Mtungaji yeyote wa 1934, hata angalikuwa na nia tofauti na ya Mbotela, angalipambana na ugumu huo katika msamiati wenyewe.

Haya hayamaanishi kwamba kitabu hakina cha kupendwa. Kinyume chake. Sehemu zinazohusu kutekwa na safari ya kwenda pwani zina uzito ambao waandishi wengi wa riwaya za kihistoria waliokuja nyuma hawakuufikia, na sababu ni kwamba hapo mtungaji anawategemea wazee. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi ni fupi, mwendo ni wa mtu anayesimulia bila haraka. Mara tu manowari inapotokea, usimulizi unaanza kuelekea kwenye taarifa. Watu wanapungua na mambo ya taasisi yanazidi. Uhuru umemfanya mtumwa asivutie tena kama mhusika. Hili ndilo kosa kubwa la kitabu kwa upande wa sanaa, na linasema mengi kuliko sifa zote zilizomwagiwa Waingereza.

Kuhusu Mwarabu na Mswahili Mwislamu, uhakiki una wajibu wa kusema wazi. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliuza watu; kulificha hilo ni kuwatukana waliouzwa. Lakini kitabu cha shule kikimweka mwovu upande mmoja wa maji, husomwa na watoto wa pande zote mbili za maji hayo, na mtoto wa Mombasa aliyekisoma akiwa amekaa dawati moja na mjukuu wa Freretown alijifunza kumwonea haya babu yake kwa lugha yake mwenyewe ya nyumbani. Mtoto wa Kiingereza hakupata funzo kama hilo, kwa kuwa wenye mashamba ya miwa hawakuwekwa ndani ya hadithi.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki wako watoto wanaosomeshwa kwa fedha za Wakristo wa ng'ambo, ambao kila baada ya muda huketi, mara nyingi wakisimamiwa, kumwandikia mfadhili barua. Barua hizo zina umbo lake: tulikuwa hivi, mkatusaidia, sasa tuko hivi. Fedha ni za kweli, karo imelipwa kweli, na shukrani ni ya kweli. Yeyote atakayezikusanya na kuzichambua atapata kwamba Mbotela ana wanafunzi ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1956. Likitolewa toleo jipya la Kiswahili, maandishi ya Mbotela yaachwe kama yalivyo, pamoja na shukrani zake zote. Lakini liwe na utangulizi unaoutaja mwaka 1907, na ramani ya pwani ambayo Fuladoyo imetiwa mahali pake.