Pointi Tatu Alizozikataa Robshaw

Chris Robshaw, nahodha wa Uingereza katika Kombe la Dunia la raga la 2015, alikosea. Utetezi wake tunaujua wote hapa Juba, na haukusimama. Septemba 26, 2015, pale Twickenham, Uingereza ilikuwa nyuma ya Wales 25-28, dakika zikiyoyoma, ikapata penalti. Mpigaji wao, Owen Farrell, alikuwa ameshapiga tano, na zote tano zilipita kati ya milingoti. Nahodha akachagua kona badala ya goli.

Pembe ilikuwa finyu, upande wa kulia. Nakubali. Lakini kiatu cha Farrell kilikuwa hakijakosa, na sare ilikuwa na pointi mbili za kundi. Robshaw aliweka pointi hizo rehani kwa lainauti moja.

Na lainauti yenyewe! Mpira ulirushwa mbele kabisa, akaudaka Robshaw mwenyewe, hatua chache kutoka mstari wa pembeni. Wales hawakuhitaji kuunyang'anya. Walisukuma tu, kundi zima likatoka nje. Anayetaka kushinda kwa msukumano hurusha nyuma, uwanja ubaki mpana pande zote mbili. Mwaka 2003 kule Sydney, katika fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza hiyohiyo ilirusha nyuma kwa Lewis Moody, Martin Johnson akabeba mpira mara moja zaidi kuusogeza katikati, ndipo Jonny Wilkinson akadondosha goli la 20-17. Johnson alikuwa nahodha. Sisi Waafrika tulikwisha kuona thamani ya mguu mtulivu tangu 1995, Joel Stransky wa Afrika Kusini alipoimaliza New Zealand 15-12 pale Ellis Park.

Wales, kweli, walistahili sifa. Krosi ya mguu ya Lloyd Williams kwa Gareth Davies, na pointi 23 za Dan Biggar: kazi safi. Lakini hilo halifuti kosa la Robshaw.

Watetezi hukimbilia Japani, iliyokataa sare wiki moja kabla na kuilaza Afrika Kusini 34-32. Mfano huo haufanani. Nahodha wa Japani, Michael Leitch, alichagua skramu karibu na mstari wa trai, wapinzani wakiwa pungufu ya mtu mmoja. Alikuwa na hesabu. Robshaw alikuwa na hamu.

Tatizo ni hii ibada ya uthubutu. Kombe la Dunia lina jina la William Webb Ellis, mwanafunzi wa zamani wa shule ya Rugby, anayesimuliwa kwamba mwaka 1823 aliukumbatia mpira na kukimbia nao. Ushahidi ni hafifu, lakini kisa hicho kimewalea wengi waamini kwamba raga humlipa anayethubutu. Raga humlipa anayefunga. Wiki iliyofuata Australia iliichapa Uingereza 33-13, wenyeji wakaaga katika makundi.

Walimu wa michezo mnaofundisha manahodha wa shule, wafundisheni swali moja kabla ya kuelekeza mkono kwenye kona: mpigaji wetu leo amekosa ngapi? Kama jibu ni sifuri, mpe mpira apige.