Sifa za Fundi wa Nyasi

Mvua za vuli zikianza kukatika Desemba, kazi ya mtunza nyasi wa Nairobi hupamba moto. Asubuhi wengi wao hutoka Kawangware na kushika Barabara ya Gitanga kwenda Lavington. Wengine hutoka Kibera na kufuata Barabara ya Ngong kuelekea Kilimani au Karen. Mbele yao kuna Januari na Februari, miezi ya jua kali na mgao wa maji. Nyasi zitakazobaki kijani Februari huandaliwa sasa, udongo ungali na unyevu.

Nyasi zenyewe mara nyingi ni zile za Kikuyu, zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zimefika Australia, Afrika Kusini na Hawaii. Hata uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, unachezewa juu yake. Lakini serikali ya Marekani imeziorodhesha kuwa magugu hatari, kwa jinsi zinavyotambaa juu ya ardhi na chini yake. Kuzitawala kunataka mtu anayezijua.

Anachokijua kwanza ni kujizuia. Msimu wa mvua hukata fupi, maana nyasi hukua upesi. Mvua ikipungua huacha majani yarefuke, wala haondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilinyoa, mzizi unalala njaa. Tena jani refu huutia udongo kivuli, maji yasikauke haraka. Mwenye nyumba hutaka zikatwe chini kabisa ili zikae muda mrefu bila kumwita mtu. Fundi humkatalia kwa heshima: "Mama, tukikata hivyo jua litazichoma."

Kabla ya kukata hunoa fyekeo kwa tupa. Tazama ncha ya jani siku ya pili: makali mazuri huiacha kijani, makali butu huichana ikakauka.

Halafu kuna gugu la ndago. Ukilivuta jani lake linakatika mkononi, na chini vinabaki viazi vidogo vyeusi vilivyofuatana kwenye uzi mmoja wa mzizi, kila kimoja tayari kuchipua. Fundi hupiga goti, huingiza ncha ya kisu pembeni, hutikisa udongo uliolowa na kuvifuata kimoja baada ya kingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Udongo ukishakauka Januari, kazi hiyo haiwezekani.

Palipokanyagwa mpaka pakashupaa, hutoboa kwa jembe uma na kutandaza samadi iliyooza na kuchekechwa, mvua za mwisho ziishushe mizizini. Kiangazi kikiingia, hulowesha kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, mapema asubuhi, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Maji yakishuka chini, mizizi huyafuata.

Ujuzi huu wote hauna cheti. Hupokewa kwa kufanya kazi kando ya anayeujua, na malipo yake bado ni ya kibarua, ya kupatana langoni. Wewe mwenye bustani, Desemba hii msikilize kabla ya kumwamuru, kisha umlipe ujira wa fundi. Ameustahili.