Wembe kwenye raba ya taa

Tuanze na wembe, kwa sababu mliokuwepo Jumamosi pale gerejini Igogo, Mwanza, mmeniuliza kwa nini niliondoka kabla chai haijafika. Fundi alipotoa wembe mfukoni na kuanza kuikata raba ya nyuma ya taa ya kushoto ya ile Hiace, ili feni ya globu ya LED ipate pa kukaa, nilichukua kofia yangu, nikasubiri amalize tu. Gari lilikuwa limepona robo saa nzima kabla ya hapo. Baada ya hapo tulikuwa tunamwangalia mtu akibomoa alichokijenga mwenyewe, huku akipigiwa makofi.

Mazuri yake ni haya: alisugua lenzi kwa msasa wa maji mpaka unjano ukatoka, akakwangua kutu waya wa bodi unapofungwa, akafunga rilei mbili na fyuzi zake. Kazi safi.

Sasa turudi kwenye mita, maana mliiona kwa macho yenu. Kabla ya rilei, injini ikiunguruma, betri ilikuwa na volti 13.9 na soketi ya taa 11.4. Volti mbili na nusu zinaliwa njiani, kwenye swichi ya zamani na waya mwembamba kama wa redio. Baada ya rilei, soketi ilisoma 13.5. Mtu asiyejua atasema ni tofauti ya volti mbili tu, ya nini kelele? Globu ya uzi haipungui mwanga taratibu kadiri volti inavyoshuka. Inaporomoka. Kwa hesabu wanayoitumia watu wa taa, mwanga hufuata volti kwa kipeo cha 3.4 hivi, kwa hiyo globu iliyokuwa ikilishwa 11.4 ilitoa kama asilimia 56 tu ya ile inayolishwa 13.5. Mwenye gari alikuja akilalamika kwamba usiku njia ya Sengerema haoni kitu, na alisema kweli: alikuwa anaendeshea nusu taa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na madereva waliokuwa wakilala ng'ambo sasa wanakimbiza giza. Shida yake ni ya kweli kabisa. Na dawa yake ilikuwa imeshapatikana. Kilichobaki ni kuchomeka halojeni mpya, H4 ya wati 60/55, iliyokuwa pale juu ya boneti ndani ya boksi lake.

Nikamwambia fundi, "Kijana wangu, hii imeshapona. Funga halojeni twende."

Akajibu kwa adabu zote, "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini mteja kaja na hela ya LED."

Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, mnivumilie.

H4 ina nyuzi mbili. Uzi wa fulu umekaa kwenye kitovu cha reflekta. Uzi wa dimu umesogezwa mbele yake, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati. Shikeni globu yoyote ya H4 mkononi mtakiona, kama kijiko cha mwanasesere. Kikombe hicho ndicho dimu yenyewe. Kinauzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta, kwa hiyo unapiga nusu ya juu tu na kutupwa chini, barabarani. Ukingo wa kikombe ndio unaochora ule mstari mnaouona ukutani: chini mwanga, juu giza. Na kwa kuwa sisi tunapita kushoto, mstari huo unapanda kidogo upande wa kushoto ili umwone mtembea kwa miguu, na upande wa kulia unabaki chini ili usimpofue anayekuja. (Ndiyo, najua mnasubiri niseme habari ya taa za magari yanayotoka Dubai. Yale yaliyotengenezwa kwa nchi za kupita kulia yanapandisha mwanga kulia, usoni kwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kuurekebisha. Nimeshasema mara nyingi na nitaendelea kusema.)

Uzi huo wa dimu ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti na urefu wake ni milimita tano hivi. Reflekta nzima imekokotolewa kuuzunguka. Ukisogeza chanzo cha mwanga hata kwa milimita moja, mstari wa ukutani unatawanyika. Globu ya LED ya bei ya mtaani ina ubao wa bati katikati, na vipande vya mwanga vimebandikwa kila upande. Penye uzi pana bati. Mwanga unaanzia pembeni. Reflekta haijui hilo. Inautupa mwanga popote unapoangukia, na mwingi unakwenda juu, kwenye macho ya watu na majani ya miembe.

Boksi la LED liliandikwa lumeni 20,000. Halojeni ya H4 yenye kibali hupimwa kwa lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Zenoni ya kiwandani, ile D2S ya wati 35, hutoa kama 3,200, na Ulaya gari lenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 linalazimishwa kuwa na kifaa cha kuosha taa na kingine cha kuzishusha taa zenyewe linapobeba mzigo. Boksi hili linadai 20,000 kwenye Hiace yenye abiria hadi mlangoni na magunia ya dagaa nyuma, pua ikiangalia mbinguni.

Mtaniambia Wajerumani nao wameruhusu LED. Wameruhusu, tangu 2020 Osram walipopata kibali cha kwanza. Lakini kibali hicho kina orodha: gari hili, taa hii, mwaka huu, imepimwa. Isiyo kwenye orodha haifungwi. Hakuna mahali walipomwambia mtu achukue wembe.

Jambo la pili ni lile jiwe. Alipomaliza aliligeuza gari, akawasha dimu kuelekea jiwe kubwa lililo nyuma ya gereji, na watu wakashangilia. Wandugu, jiwe la Mwanza ni la mviringo na lina mikunjo. Ukilimulika kwa tochi ya simu nalo litang'aa. Taa hupimwa kwenye ukuta ulionyooka, gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, ardhi tambarare, upepo wa tairi sawa. Mstari wa dimu uwe sentimita 10 hivi chini ya usawa wa taa yenyewe. Pale jiweni hapakuwa na mstari wowote. Kulikuwa na weupe tu, na weupe huo ndio uliowatoa watu makofi.

Mvuvi wa dagaa hawezi kudanganywa hivi. Kwenye giza la mwezi anatoka na karabai, au siku hizi na LED ya sola, na anajua kwa nini anaitaka ing'ae pande zote: taa yake inaita. Inaita dagaa, na inaita pia wale wadudu wa ziwani wanaojaa mdomoni ukithubutu kucheka. Hiace haiendi kuita kitu. Sasa kwa weupe ule wa buluu, mvua ya ziwani ikinyesha, dereva atakuwa anatazama pazia la matone yaliyowaka mbele ya kioo chake mwenyewe.

Watu wa zamani waliliepuka balaa hili bila hata kuwa na akili kutuzidi. Taa za Bedford na Land Rover zilikuwa zile za duara za inchi saba, uzi, reflekta na kioo vimeunganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Ikiungua, unatupa yote na kufunga nyingine. Wembe ungepita wapi? Na mtu aliyetaka mwanga zaidi aliongeza taa, kama walivyofanya kina Joginder Singh kwenye Safari Rally: taa za ziada kwenye bampa, kila moja na kazi yake, zinazimwa akitokea mtu mbele. Joginder alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwenye matope na vumbi la usiku alihitaji kuona kuliko yeyote kati yenu.

Sisemi halojeni zote ni sawa. Zile za wati 100/90 zilishaniunguzia soketi mbili, kwa sababu kila moja inavuta zaidi ya ampea 8 kwenye waya uliopangiwa tano. Zenye kioo cha buluu zinakula mwanga wenyewe. Zile za "asilimia 150 zaidi" ni nzuri zikiwa halisi, ila asilimia hiyo inapimwa kwenye kipande kimoja cha barabara na dhidi ya kiwango cha chini cha sheria, na uzi wake hufa mapema. Niliuziwa jozi ya bandia miaka kadhaa iliyopita, zikadumu wiki mbili. Duka lenyewe nalipita kila siku na sisalimii.

Jumapili usiku niliisubiri Hiace yetu pale Mkuyuni. Iliibuka kwenye dimu. Bodaboda aliyekuwa mbele yangu aliweka kiganja usoni na kuendesha kwa mkono mmoja. Lori likaipigia fulu kuionya. Hiace nayo ikajibu kwa fulu, ili lori lione kwamba ile ya kwanza ilikuwa dimu.

Jana mwenye gari alinipigia simu. Halojeni zake bado ziko kwenye droo ya dashibodi. Kuzirudisha ni kazi ya dakika kumi, rilei zipo, waya upo. Tatizo ni raba. Tundu la wembe limekwisha kuanza kuingiza vumbi, na asubuhi, kwa unyevu huu wa ziwani, ameona ukungu ndani ya lenzi ya kushoto. Anauliza kama najua zinakopatikana taa zilizotolewa kwenye Hiace za kukatwa, zenye raba nzima. Nimemwambia aje Alhamisi, na aje kabla raba ya taa ya kulia nayo haijaguswa na mtu.